Uwanja Niliouandika Shwari

Kwa miezi kumi na minne niliandika kila saa, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba uwanja wa watoto nyuma ya jengo la tatu ulikuwa shwari. Haukuwa shwari. Bembea moja ilining'inia kwa mnyororo mmoja kama kandambili iliyokatika. Mtelezo wa plastiki ulikuwa na ufa ukingoni, wenye makali. Vigae vya mpira vilivyotandikwa chini vilikuwa vimebanduka kwa joto la miaka, pembe zikajikunja juu, na kila mtoto mgeni alijikwaa hapo mara moja kabla ya kujifunza kuinua mguu. Na takataka zilikuwa kila mahali.

Nilikuwa askari wa lango katika makazi ya kupanga kule Rashidiya, jirani na uwanja wa ndege wa Dubai, majengo manne ya ghorofa tatu yaliyozunguka ua mmoja. Ndege zilipita chini sana hata mazungumzo yalikatika katikati ya neno, watu wakangoja, kisha wakaendelea palepale walipoachia. Hakuna aliyelalamika. Alfajiri basi la kampuni lilitutoa kambi ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park, na jioni likaturudisha. Katikati nilikuwa na kibanda, kiyoyozi kidogo, funguo, na kitabu cha matukio.

Kitabu hicho Wakenya wengi wanakijua, kwa kuwa ni ndugu wa kile cha kituo cha polisi. Kila saa unaandika wakati, sehemu uliyokagua na hali uliyoikuta. Mwenzangu aliyenikabidhi lango, naye Mkenya, alinifundisha siri yake siku ya kwanza. "Dada, hapa andika shwari. Ukiandika kitu, utaulizwa. Ukiulizwa, utaandika maelezo. Ukiandika maelezo, siku yako ya mapumziko imekwenda." Alinionyesha kurasa zake. Zote zilikuwa shwari, kwa mwandiko mzuri, hata siku ambayo, kwa kusimulia kwake mwenyewe, bomba lilipasuka na ghorofa ya chini ikaoga. Nikafuata desturi. Asubuhi nikishakunywa chai nilijaza mpaka saa za adhuhuri zikiwa bado hazijafika.

Ninaeleza hili kwanza kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nalo.

Kila siku saa kumi alasiri walezi wanne walishuka uwanjani na watoto wa waajiri wao. Wawili walikuwa Wakenya, mmoja Mtanzania wa Tanga, na wa nne Mganda kutoka Masaka. Huyo wa nne wenzake walimwita mwenyekiti, nami nitamwita hivyo. Alilea watoto wawili, msichana wa miaka minne na kaka yake mchanga wa kigari. Usiku alilala kwenye godoro chumbani mwa watoto, na yule mdogo alimwamsha mara tatu au nne. Alfajiri alikuwa jikoni. Hakuwa na manung'uniko. Madam wake alimheshimu, chakula kilikuwepo, simu alikuwa nayo. Alichokosa ni usingizi tu, na aliukosa kama mtu anavyokosa chumvi, kila siku, katika kila kitu.

Ndiyo maana akaanzisha chama. Kila mtu wa kwetu anajua chama cha mzunguko: wanachama huchanga, mmoja hupokea, zamu inayofuata mwingine. Hawa walichanga dakika. Siku moja watatu waliangalia watoto wote, wa nne akalala saa nzima kwenye benchi la zege lililojificha nyuma ya ukuta wa tangi la maji. Kesho yake alilala mwingine. Kila mmoja alipata saa moja katika siku nne, na saa hiyo haikukopeshwa wala kuahirishwa. Aliyeumwa kichwa siku isiyokuwa yake alingoja siku yake.

"Tulijaribu kubadilishana," mwenyekiti aliniambia, "tukagombana kama watu wa ukoo mmoja. Sasa sheria ni sheria. Hata ukifiwa, nyabo, unalia siku yako." Nyabo ni mama kwa Kiganda; ndivyo alivyoniita.

Mimi pia nilikuwa na kazi katika chama kile, ingawa sikuwa mwanachama. Gari la madam yeyote lilipokata kona kuja langoni, niligonga chuma cha geti kwa funguo mara mbili. Aliyelala aliamka, akajipangusa uso, akasimama karibu na bembea nzima. Kulala kazini ni sababu tosha ya kurudishwa kwenu, na sisi sote tulilijua hilo.

Mambo yalianza mwanzoni mwa majira ya baridi, wakati Dubai nzima inatoka nje kama watu waliofunguliwa. Msichana wa mwenyekiti aliteleza, na ule ufa ukamchana mguu. Hakikuwa kidonda cha kushonwa, lakini damu ya mtoto ni nyingi machoni. Madam wake alifanya alichopaswa kufanya: aliandikia ofisi inayosimamia majengo, akaomba uwanja utengenezwe.

Msimamizi wa majengo alikuja baada ya siku mbili. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye shati lililopigwa pasi na saa anayoitazama kila baada ya sentensi. Hakwenda uwanjani. Alikuja kibandani, akaomba kitabu, akapitia kurasa kwa kidole.

"Mwaka mmoja na zaidi," alisema kwa Kiingereza. "Hakuna bembea mbovu. Hakuna takataka. Hakuna mtoto. Hata mtoto mmoja."

"Ndiyo, sir," nilisema.

"Kwa hiyo hautumiki."

Akanirudishia kitabu. Kabla ya Magharibi tangazo lilikuwa limebandikwa langoni: mwisho wa mwezi uwanja ungefungwa na kugeuzwa maegesho ya magari, kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha hautumiki. Mwenye maoni ayapeleke ofisini.

Kesho yake mwenyekiti alisimama mbele ya tangazo na kigari, akalisoma hadi mwisho, akaja dirishani kwangu.

"Kumbukumbu ni nini?"

"Ni kitabu changu."

"Kwa hiyo kitabuni sisi wanne na watoto wote hawa hatumo?"

"Hammo."

"Na huyu aliyechanika mguu?"

"Naye hayumo."

Alicheka sana, hata akashika ukingo wa dirisha. Kisha kicheko kikaisha. "Madam amesema uwanja ukifungwa, watoto watacheza sebuleni. Hataki wavuke barabara kwenda bustani ya mbali. Sebuleni, nyabo. Sebuleni nitalala wapi?"

Ndege ilipita. Tulingoja.

"Umetufuta kwa kalamu," alisema ilipokwisha. "Basi tuandike kwa hiyo hiyo."

Mkuu wetu wa zamu alikuwa Mkenya aliyewahi kuvaa sare ya serikali nyumbani. Tulimwita afande, na alipenda. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Alinitazama kama mtu anayemtazama jirani akipanda juu ya paa bila ngazi.

"Sikiza, dada. Ukiandika leo bembea imekatika, watauliza jana ilikuwaje. Jana uliandika shwari. Juzi shwari. Utajichoma, na moshi utanifikia mimi."

"Sasa niandike nini, afande?"

"Andika imekatika leo."

Lilikuwa wazo zuri na lingetuokoa wote wawili. Tatizo ni kwamba kila mtu aliyekaa pale alijua ile bembea ilivyokuwa, na mnyororo wenyewe ulikuwa umeshika kutu hadi pete ya mwisho. Chuma hakishiki kutu kwa siku moja. Usiku ule kambini niliyapanga maneno kichwani, na asubuhi nikayaandika: "Bembea ya kushoto imekatika mnyororo. Haikukatika leo. Ilikuwa hivi nilipoanza kazi hapa. Niliiona na sikuandika." Nikatia sahihi. Mkono wangu ulikuwa mzito, kama ninaandika kwa lugha niliyojifunza jana.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi, na sioni haya kusema niliifurahia. Kila saa niliuzunguka uwanja kweli. Alasiri niliandika idadi ya watoto na walezi, dakika walipofika na walipoondoka. Asubuhi niliandika takataka kwa aina zake na mahali zilipolala, kwa sababu niliona kwamba takataka zina njia zake kama maji. Pakiti za juisi zilikuwa za watoto, na zilikaa karibu na mtelezo. Lakini hizo zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Mifuko ya plastiki na karatasi ilitoka kwenye pipa kubwa lililowekwa juu ya mteremko, kifuniko chake hakikufunga, na upepo wa asubuhi uliipanga yote kwenye uzio kama nguo za kuanika. Mifupa ya kuku na vifuniko vya biriani vilikuwa vya madereva wa kupeleka vyakula, waliokula wakiwa wamekalia vigae wakingoja simu. Nikazungumza nao. Walikuwa vijana wa adabu, na kosa lao lilikuwa kwamba hapakuwa na pipa dogo.

Kulikuwa pia na vikombe vya karatasi vya chai ya karak, vingi, chini ya ukuta ulio nyuma ya kibanda. Nilivikusanya nikihesabu, nikiwa na hasira ya haki kabisa, mpaka nilipogeuza kimoja na kuona alama ya kalamu. Mwenye mkahawa wa jirani, tuliponunua chai, alikuwa anatia alama ya X kwenye kikombe kisicho na sukari, na katika lango lile asiyetumia sukari alikuwa mmoja tu. Miezi kumi na minne nilikuwa nikirusha vikombe juu ya ukuta bila kujua vinaangukia wapi. Mwenyekiti alinikuta nimekishika.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata."

"Ni nani?"

Nikamwonyesha alama. Aliwaita wenzake wote watatu waje waone mwizi. Yule wa Tanga alisema, "Jamani, askari amejifunga pingu mwenyewe!" na kwa siku kadhaa walinisalimia kwa kuuliza kama nimelala rumande. Niliandika hilo nalo: vikombe, idadi, vya askari wa lango.

Lililobaki lilikuwa makopo na visahani vyenye mifupa ya samaki, kando ya mtelezo, vilivyovuta paka na nzi. Hivyo vilishuka kutoka ghorofa ya pili. Hapo aliishi bibi mmoja mwenye asili ya Unguja, aliyeingia Dubai akiwa mwari na sasa ana wajukuu wanaofanya kazi kwenye maofisi ya eneo huru la uwanja wa ndege. Nilipanda kwenda kumwona, nikavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa sababu ya paka."

"Ndiyo, bibi. Visahani vinabaki uwanjani, na watoto wanavikanyaga."

"Paka wana haki yao. Wamekuwapo hapa kabla ya hilo lango lako." Akanitazama kwa upande. "Naambiwa siku hizi unaandika watu. Umeniandika?"

"Nimekuandika, bibi."

"Jina langu?"

"Nimeandika ghorofa ya pili."

"Umeandika nini?"

"Visahani vitatu vya mabaki ya samaki."

Alikunja uso. "Mabaki! Alikuwa samaki changu, mzima, nimemkaanga mwenyewe. Nenda urekebishe. Andika changu, wasije watu wakadhani nawapa paka taka."

Nikaahidi nitarekebisha. Kabla sijatoka aliniuliza kwa nini nimeanza kazi hii ya kuandika, na nikamweleza habari ya maegesho. Hakujua. Mguu wake haukumruhusu kushuka kusoma matangazo. Alisema wajukuu zake wote wamejifunzia kutembea kwenye uwanja ule, na kwamba paka atawalisha upande wa mapipa kuanzia leo. Kisha akachukua simu na kuzungumza Kiarabu na mtu wa ofisini, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu aliowaona wakiwa watoto. Nilitambua maneno mawili tu, khalas, yaani basi imekwisha, na inshallah, na lile la pili hakulitamka kwa unyenyekevu.

Msimamizi akaja tena siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii alivuta kiti kibandani na kusoma kurasa zote, moja baada ya nyingine, bila kuitazama saa. Afande alisimama pembeni mikono nyuma, jasho likimtoka chini ya kiyoyozi.

"Hapa umeandika kwamba uliona na hukuandika," msimamizi alisema.

"Ndiyo, sir."

"Kwa hiyo kitabu cha mwaka mzima ni cha uongo."

"Upande wa uwanja, sir, ndiyo."

"Unajua nitalazimika kukupa barua ya onyo?"

"Najua, sir."

Akafunga kitabu. "Jana watoto walikuwa kumi na mmoja. Leo?"

"Sijawahesabu bado. Ndiyo kwanza saa kumi na robo."

"Yalla, twende tukawahesabu."

Moyo wangu ulishuka, na haukushuka kwa sababu ya barua. Siku ile ilikuwa ya mwenyekiti. Nilikuwa nimeandika kila kitu kilichokuwa uwanjani kwa wiki tatu, hadi aina ya samaki, lakini benchi la nyuma ya tangi sikuwahi kuliandika hata mara moja. Na sasa sikuwa na nafasi ya kugonga geti. Afande alikuwa amesimama mbele ya funguo.

Tulifika. Msimamizi alitembea polepole, akagusa mnyororo wenye kutu, akapitisha kidole kwenye ufa, akajikwaa kwenye kigae kama mgeni yeyote. Watoto walikuwa tisa. Walezi watatu walimtazama, wakanitazama mimi. Wakenya wawili wakasogea karibu karibu kama wanaotaka kumzibia njia. Haikusaidia. Alizunguka ukuta wa tangi, akasimama.

Mwenyekiti alikuwa amelala chali juu ya zege, kitambaa cha kichwa kimekunjwa kuwa mto, viatu vimepangwa chini kwa unadhifu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alilala kama kitu kilichowekwa chini na mtu aliyechoka kukibeba.

"Huyu ni mgonjwa?" msimamizi aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na lingeeleweka. Lakini mgonjwa huitiwa gari, na gari likija, madam huitwa.

"Hapana, sir. Ni siku yake. Wako wanne. Watatu wanaangalia watoto wote, mmoja anapumzika saa moja. Kesho atapumzika yule pale. Wanazunguka hivyo, hawavunji. Watoto hawajawahi kuachwa bila mtu."

"Na waajiri wao wanajua?"

"Hapana, sir."

Alirudi hatua mbili, akahesabu tena: watoto tisa, wanawake watatu, mmoja kwenye bembea, mmoja kwenye mtelezo, mmoja kwenye kigari cha mtoto mchanga, akikisukuma mbele na nyuma kwa mguu. Yule msichana wa mguu uliopona alikuja mbio, akamwona mlezi wake, akaweka kidole mdomoni pake kumnyamazisha yule bwana mkubwa. Sikumfundisha mimi. Nadhani watoto wote walikuwa wanajua tangu zamani.

Msimamizi alishusha sauti. "Mke wangu alipojifungua," alisema, "hakulala mwaka mzima." Akatazama saa yake kwa mara ya kwanza siku ile. "Ataamka lini?"

"Saa kumi na moja, sir."

"Basi tusiongelee hapa."

Aliondoka kwa ncha za viatu, na afande nyuma yake, naye kwa ncha za viatu, mtu mzito kama yule. Yule wa Tanga alilazimika kuuma mtandio wake asicheke.

Matokeo sikuyapata yote niliyoyataka. Kona moja ya uwanja, iliyokuwa na farasi bandia wa kuzunguka waliovunjika, ilichukuliwa, ikawa nafasi mbili za magari. Barua ya onyo ilikuja, nikatia sahihi, na afande hakunisemesha wiki nzima isipokuwa kwa mambo ya lango. Lakini tangazo lilibanduliwa. Pipa kubwa lilisogezwa kutoka kwenye mteremko. Dogo liliwekwa karibu na wanapokaa madereva. Na ofisi iliahidi fundi.

Siku ile ya ukaguzi, nilipoketi kuandika, nilikaa na kalamu kwa muda. Mwishowe niliandika: "Saa kumi na robo. Watoto tisa. Walezi watatu wanawaangalia." Kila neno lilikuwa la kweli. Habari ya wa nne haikuwa ya kitabu kile.

Fundi alikuja wiki iliyofuata, na kwa bahati mbaya alifika saa kumi na dakika kumi, na ilikuwa tena siku ya mwenyekiti. Alikuwa na keekee, nyundo, mnyororo mpya na mtelezo mzima wa rangi ya chungwa uliofungwa kwa nailoni. Walezi wenzake walimwendea mwenyekiti nyuma ya tangi. Mmoja wa wale Wakenya akasema, "Leo haitawezekana, mwenyekiti. Hizo kelele ni za kuvunja ukuta. Chukua kesho, mimi nitangoja."

Mwenyekiti alikuwa tayari amevua viatu. "Sheria ni sheria," alisema. "Apige tu. Hizo ni kelele zetu."

Akajilaza, akajifunika macho kwa mkono. Keekee ilianza kutoboa zege hatua tano kutoka kichwani pake. Ndege ilipita juu yake. Watoto walisimama mstari kwenye uzio wakimshangilia fundi kila boliti ilipoingia. Mimi nilikuwa langoni, funguo mkononi, natazama barabara. Hakuna gari lililokuja. Saa kumi na moja kamili nilizunguka ukuta kwenda kumwamsha, na ilinibidi nimtikise bega mara mbili.